Faili yangu wameikataa mara mbili na bado nitarudi

Wenye biashara wa Mwanza mnaotaka kuprinti brosha, kuna duka moja la printing mitaa ya Makoroboi, ghorofa ya kwanza, ngazi zake nyembamba kweli. Jina naliacha maana nitawasema kidogo huko chini.

Mimi nauza vifaranga vya sato na chakula chao kwa watu wanaofuga samaki kwenye vizimba ziwani. Mwaka jana kabla ya Nanenane ya Nyamhongolo niliprinti sehemu nyingine brosha 300, shilingi 800 moja, nikaona nimepatia. Zilipotoka nilitaka kulia. Ziwa ambalo kwenye simu bluu inawaka, kwenye karatasi limekuwa kama jinzi iliyofuliwa miaka mitatu, halafu namba ya simu niliyoibana pembeni kabisa, gilotini, ile mashine ya kukata karatasi, ikala tarakimu ya mwisho, ko nikashinda bandani naandika tisa kwa kalamu, moja moja, hadi mteja ananiuliza dada hii ni tisa au saba.

Safari hii hapa kijana wa kompyuta hakuniuliza hata nataka ngapi, kafungua faili akaanza kuzoom tu. "Dada samahani, hii hatuprinti." Nimetoka Igombe na jua lile, nusu nimtukane. Ila akavuta kiti akanionyesha. Dizaini ilikuwa RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini, wakati mashine ina wino nne, siani, majenta, njano na nyeusi, na bluu ile ya kuwaka kwenye wino haipatikani. Kabadilisha kuwa CMYK, yaani hizo wino nne, mbele yangu nikaiona inafifia palepale, akaniambia bora uumie sasa hivi kuliko uumie na mzigo mkononi. Tukaitafutia bluu nyingine, imekaa poa.

Picha ya kizimba nilitumiwa watsapu, pikseli 1,080 kwa upana, na mimi nataka ijaze A4 nzima. Akapiga hesabu kwenye simu: kwa nukta 300 kwa inchi hiyo inatosha sentimita 9 tu, A4 iliyolala inataka kama pikseli 3,500. Nikampigia shemeji anitumie ile orijino kama dokyumenti. Pia hakukuwa na blidi, zile milimita 3 za ziada kila upande ili kisu kikiyumba pasibaki mstari mweupe, na maandishi yasogee ndani.

Lakini aliyeniacha hoi ni mzee wa gilotini. Kaokota A4 chakavu, kaikunja vipande vitatu sawasawa, akanipa: "Ng'wanawane, ifunge." Haifungi, kipande cha ndani kinagota kwenye mkunjo kinabinuka. Dizaina wangu alikuwa kagawa milimita 99, 99, 99. Mzee akapima 100, 100, 97, kile kinachoingia ndani ndio chembamba, na ukigeuza karatasi hiyo 97 inahamia upande wa pili, ko kurasa mbili hazifanani vipimo. Ile karatasi chakavu ninayo mpaka leo.

Nikarudi na faili mpya, ikakataliwa tena! Dizaina kaleta faili la programu badala ya PDF, kwao fonti hazipo, bei zote zimegeuka viboksi. Sasa hilo la dizaina, sio lao.

Ya kuwasema: waliniambia Jumatano nikapata Ijumaa, na simu hawapokei mpaka uende. Halafu marekebisho wamenichaji elfu 15 bila kunitajia kabla, nimeikuta kwenye risiti. Hiyo hapana. Brosha yenyewe 1,200 moja, sio bei ya kukimbilia.

Ila mzigo sasa. Karatasi ni art paper ya gramu 150, mkunjo umelala, maandishi meusi yamekolea hata yale madogo ya vipimo vya chakula, maana waliyaweka wino mweusi peke yake, yale ya mwaka jana yalikuwa na kivuli kama unaona mbilimbili. Namba ya simu ipo yote kumi!

Ukienda wahi, umkute mzee akukunjie karatasi kabla hujamlipa dizaina wako. Saa kumi anaondoka, anawahi feri ya Kamanga.