Kuhama chuo Marekani: kukaa benchi mwaka mzima au kucheza palepale?

Huu ubishi hauishi jamani. Zamani kwenye NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mchezaji wa basketi au futiboli ya Kimarekani akihama chuo anakaa mwaka mzima bila mechi, mazoezi anafanya na wenzake vizuri tu halafu siku ya gemu yuko benchi na nguo za nyumbani, wakati kocha wake akipata dili nono anahama na msimu huohuo anafundisha kwingine. Kwa haki sheria mpya inashinda mbali sana, 2021 waliruhusu kuhama mara moja bila adhabu, na 2024, baada ya kesi mahakamani, ikawa mara yoyote ilimradi masomo yako yako sawa.

Ila kwenye masomo mi naona ule mwaka ulikuwa na faida yake, unatulia unazoea chuo, maana kila ukihama kuna kozi hazihesabiwi na digrii inazidi kusogea mbele. Makocha nao angalau walijua mwakani nani yupo.

Sasa kama mdogo wako wa Eldoret kapata skolashipu ya kukimbia na kocha hawaelewani kabisa, uhuru huu unamfaa. Kama kabakiza mwaka mmoja amalize, aulize kwanza kule aendako watapokea kozi ngapi, kabla hajaingiza jina kwenye potali, ule mfumo wa mtandaoni wa NCAA wa wachezaji wanaotaka kuhama.