Kabati la miguu ya mshazari: umbo zuri, kazi ya hovyo

Nimejitahidi nitulie kwanza ndipo niandike, na bado hasira haijaisha. Kabati la chini la kuwekea TV na vyombo, mtindo wa miaka ya 50 na 60, midisenchuri kama wauzaji wanavyouita, nililinunua kwenye duka moja kubwa la fanicha hapa Dar es Salaam. Halikumaliza hata masika moja. Mguu wa nyuma ulichomoka, kabati likaenda upande, vikombe vya marehemu mama vyote vikaishia sakafuni. Hakuna aliyeligonga wala mtoto aliyelipanda. Lilikuwa limesimama tu.

Tulipoligeuza na mdogo wangu ndipo nikaona nilichouziwa. Mguu ni wa mbao kweli, umechongwa vizuri, mnene juu na mwembamba chini, na kwenye ncha umevishwa kofia ya rangi ya shaba. Lakini umeshikwa na kibati chepesi, na kibati chenyewe kimefungwa kwa skrubu fupi zisizozidi urefu wa kucha, kwenye chipubodi, yaani ubao wa chenga zilizogandishwa kwa gundi. Matundu yalikuwa yamelika, ukigusa chenga zinamwagika kama unga wa muhogo. Juu yake imebandikwa karatasi yenye picha ya mistari ya mbao. Karatasi! Na siku ile nauliza, niliambiwa ni mtiki.

Mtindo wenyewe naupenda, na nitaendelea kuupenda. Kabati limeinuka, sakafu inaonekana chini yake, hata sebule ya nyumba ya kupanga inaonekana ina nafasi. Fagio na dekio vinapita bila kusogeza kitu. Hakuna manakshi, hakuna madoido ya dhahabu kama ya yale makochi yanayoziba mlango. Na kinachouleta uzuri wote huo ni ule mguu mwembamba uliosimama kwa mshazari.

Sasa mguu wa mshazari una tabia yake: uzito ukiushukia, unausukuma kwenda nje, na nguvu yote inaishia pale juu ulipoungwa. Wenye mtindo wao walilijua hilo. Hans Wegner wa Denmark alianza kufundishwa useremala akiwa na miaka 14, ubunifu ulikuja baadaye. Kiti chake cha mwaka 1949, kile alichokalia Kennedy kwenye mdahalo wa televisheni na Nixon, wakigombea urais wa Marekani mwaka 1960, kimeungwa mbao kwa mbao. Kingine alichokibuni mwaka huohuo, chenye mgongo wa umbo la Y, pale pa kukalia panasukwa kwa mkono kwa kamba ya karatasi ya kama mita 120. Wembamba wa vitu vile umebebwa na maungio. Hawa wetu wamechukua umbo, ufundi wakauacha hukohuko.

Nikarudi dukani na mguu mkononi. Kijana wa mauzo alikuwa amejilaza kwenye sofa la maonyesho, anachezea simu. Shikamoo hakunipa, wala hakuinuka. Akautazama mguu, akaniambia, "Mama, hizi ni fanicha za kisasa, si za kuwekea mizigo." TV na vikombe ni mizigo? Nikamwomba risiti yangu iangaliwe, akasema bosi hayupo, nije wiki ijayo. Wiki iliyofuata bosi hakuwepo. Mpaka leo bosi huyo sijamwona.

Nikalipeleka Keko, kwa maseremala wa hapahapa Dar. Fundi akang'oa miguu yote, akatengeneza fremu ya mtiki chini ya kabati, akatoboa matundu kwenye fremu, akachonga ulimi juu ya kila mguu, akauingiza kwa gundi, akaongeza na mbao ya kukatiza. Na mtiki wenyewe tunaupanda hapahapa, Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro, halafu dukani tunauziwa picha yake!

Sasa limesimama imara na, niseme haki, linapendeza. Kila mgeni analiulizia. Nilikuwa karibu kuandika kwamba linunueni, kisha mpelekeeni fundi mara moja kabla hamjaweka kitu. Lakini kwa nini ulipie mara mbili? Hela niliyompa fundi ukijumlisha na ya dukani, Keko wangenitengenezea jipya la mbao tupu. Msilinunue. Na popote mtakapoenda, laleni chini mtazame linavyoungwa, muuzaji akinuna anune.

Nyota mbili nilitaka kuwapa kwa ajili ya droo, zinateleza vizuri sana. Lakini mtu mzima nimesimama na mguu wa kabati mkononi, naambiwa nimeweka mizigo? Moja. Na hata hiyo moja ni ya dereva wao wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, aliyenipandishia kabati ngazi zote bila kulalamika, akanisalimia vizuri, akakataa hata hela ya soda.