Nimegombezwa kwa kumwonyesha mama jinsi ya kuinuka kwenye kiti

Siku zimepita kiasi, lakini nikikumbuka tu mabega yananipanda hadi masikioni. Mabega yale yale niliyolipia yashushwe.

Nilikuwa mapokezi kwenye kituo ninakojifunza mkao wa mwili, nasubiri zamu yangu. Pembeni yangu mama mtu mzima anataka kuinuka: anasukuma mikono ya kiti, anaguna, anarudi chini puu. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, rudisha miguu nyuma kidogo, nyayo ziwe chini ya magoti. Sasa inama kuanzia nyongani, si kiunoni. Kichwa kitangulie mbele, mwili utakifuata." Akainuka. Akacheka mpaka akashika kifua, akakaa tena makusudi ili arudie. Tukarudia mara tatu, wengine nao wameanza kujaribu kwenye viti vyao.

Ndipo akatokea meneja. Hakusalimia. "Dada, hayo unayofundisha ni mali yetu. Hayatolewi bure." Nikadhani utani, nikacheka. Akaendelea mbele ya watu wote: "Au wewe umetumwa na wale wa jengo la pili?"

Wale wa jengo la pili ni washindani wao, wamefungua karibuni, nao wananyoosha watu migongo kwa jina jingine. Sijawahi hata kupanda ngazi zao.

Mali yenu? Kuinuka kwenye kiti? Mtoto anayeanza kutembea huchuchumaa vizuri kuliko walimu wenu wote, na hajalipa ada ya mtu. Mwenye Bikram Yoga, ile yoga ya kwenye chumba chenye joto, alitaka mfuatano wake wa mikao 26 uwe na hakimiliki, mahakama ya rufaa ya Marekani ikamkatalia mwaka 2015. Jina la Pilates nalo, mahakama ya New York ilisema mwaka 2000 kwamba ni jina la aina ya mazoezi, si la kampuni moja. Leo meneja wa tawi aje aniambie nyonga zangu zina mwenyewe!

Na bango lao je? Limebandikwa pale pale mapokezi: utafiti umethibitisha mafunzo ya mkao hupunguza maumivu ya mgongo. Utafiti upo, ni wa Uingereza, ulichapishwa 2008, wagonjwa 579. Lakini masomo yaliyopimwa humo ni ya Alexander Technique, mtindo mwingine wa kufundisha mkao. Mtindo wao haumo kabisa. Yaani sifa za wengine wanaziokota bure, ila mimi kumwinua mama kwenye kiti ndiyo wizi.

Kwa hiyo msiende. Nilitaka kuishia hapo.

Tatizo ni mwalimu wangu. Huyu sina la kumsema. Anaweka vidole viwili tu chini ya kisogo, hasukumi, hakandi, unashangaa shingo imejiachia yenyewe. Nilikuwa naamka usiku kwa maumivu ya kiuno, sasa nalala. Sijui kama ni mtindo au ni mikono yake, nahisi ni mikono. Yeye ndiye aliyeninong'oneza kwamba mwenye tawi alinunua haki ya kutumia jina, na kila mwezi anapeleka ada huko juu, wateja wawepo wasiwepo. Wa jengo la pili wamekuja, video za bure zimejaa kwenye simu, basi meneja akiona mtu amejifunza kitu bila risiti roho inamtoka.

Nikamwonea huruma, kusema kweli. Dakika tano hivi. Basi nendeni, lakini mwombeni mwalimu mwenye mikono myepesi, mpite mapokezi bila kumsemesha mtu... Hapana. Kwani mimi ndiye nipite kimya kimya kama mwizi? Hajaniomba radhi mpaka leo, na yule mama aliondoka siku ile ile hata darasani hakuingia. Sijamwona tena.

Vimenibaki vipindi vitatu. Hela hairudishwi, nimeshauliza. Nitavimaliza kwa ajili ya ile mikono miwili. Ila nikiwa mapokezi sasa najikunja makusudi, kidevu kifuani, mgongo kama ndoano, na meneja akipita nazidisha.