Garoda na hifadhi ya bahari ya Watamu kwa gari: barabara rahisi, hesabu iko kwenye maji

Kufika Garoda, ufuo wa Watamu wa kuogelea ukitazama samaki na matumbawe, si kazi. Kutoka Mombasa unakata kulia pale Gede na kufuata lami hadi njia panda ya Watamu: kushoto kijijini, kulia mahotelini na lango la KWS (shirika la wanyamapori la Kenya). Garoda iko upande huo wa kulia, na gari hukaribia ufuo bila kupita kwenye hoteli ya mtu.

Gari dogo liache chini ya mivinje, penye ardhi ngumu. Hata lenye nguvu ya magurudumu manne huzama kwenye mchanga mkavu, na anayelizamisha ni dereva anayezidi kukanyaga mafuta. Likianza kuzama, acha mara moja, punguza upepo wa tairi hadi psi 18, fukua mchanga, kisha rudi kinyumenyume kwa njia uliyoingilia.

Kinachoharibu safari nyingi ni kuchagua tarehe kwa kuangalia likizo badala ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kama saa nne au tano asubuhi. Hapo mwamba unazuia mawimbi na matumbawe yako karibu na macho. Kila siku kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo wiki moja baadaye, saa zilezile, utakuta maji yamejaa na samaki wako mbali chini yako. Bamvua kubwa nayo ina taabu yake: kina hupungua hadi mapezi uliyovaa miguuni yanagonga matumbawe. Elea kifudifudi, wala usisimame juu yake.

Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, maji huwa maangavu. Kusi huleta mawimbi, mwani na maji yaliyotibuka. Wakati huo Garoda waachie wanaoteleza juu ya maji kwa tiara.

Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen (mtandao wa malipo wa serikali), si taslimu, na ni mbali na bei ya boti ya kukupeleka kwenye matumbawe. Uliza mapema kama bei ni ya boti nzima au kwa kila kichwa. Miwani ya kuzamia ikivuja, kwanza tazama nywele zilizobanwa pembeni (masharubu nayo huvujisha). Viatu vya maji ni lazima, kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi.

Ndani ya hifadhi hakuna kuvua wala kuokota kombe. Nahodha akitaka kurusha mkate ili samaki wajae, mkatalie. Wanakuja hata bila mkate.