Uzoefu wangu: kuhamia PostgreSQL ukiwa na namba kubwa kupita bigint

Niko kwenye PostgreSQL, mfumo wa kanzidata, mwezi wa nane sasa, nikitokea mwenzake MySQL, na naipa nyota nne kati ya tano. Kabla hujahamisha data zako, kagua kwanza kila safu uliyoiandika BIGINT UNSIGNED, yaani namba nzima za biti 64 zisizo na hasi. Mimi sikukagua, nikakesha.

Kanzidata yangu inatunza picha, na kila picha ina alama ya biti 64 inayokokotolewa kwa FNV-1a, kanuni ya kugeuza faili kuwa namba. Kule MySQL zilienea vizuri, kwa kuwa BIGINT UNSIGNED inafika 18,446,744,073,709,551,615. PostgreSQL haina namba za namna hiyo. Bigint yake hubeba hasi na chanya, hivyo inakomea 9,223,372,036,854,775,807. Alama hizi hutawanyika kote, kwa hiyo karibu nusu ya picha zangu zilikosa pa kukaa.

COPY, amri ya kuingiza data kwa wingi, iligoma mstari wa nne. Nilichopenda ni kwamba haikunificha kitu: ilitaja mstari, safu na thamani yenyewe, 14695981039346656037. Hata ile mistari mitatu iliyotangulia haikuingia, na ndivyo ninavyotaka. Heri kazi yote isimame kuliko namba ipunguzwe kimyakimya hadi kikomo. Namba ile nikaja kuitambua: ndiyo FNV-1a inayotoa kwa faili tupu. Kumbe kulikuwa na picha ya baiti sifuri humo siku zote!

Nikajaribu numeric(20,0), aina ya namba nzima yenye tarakimu hadi 20. Inakubali, na kama jedwali lako ni dogo ishia hapo. Langu ni kubwa. Fahirisi ikavimba, kutafuta kukawa kuzito. Nikarudi kwenye bigint kwa kutoa 9,223,372,036,854,775,808 katika kila alama. Ile ya faili tupu ikawa 5472609002491880229. Fanya hesabu data ikiwa bado numeric, ndipo uigeuze.

Wapo wanaotoa 18,446,744,073,709,551,616 kwa zile kubwa peke yake. Kutafuta alama moja bado kutafaulu, ila ukitumia ORDER BY kupanga matokeo, zile kubwa zimeshakuwa hasi, zinatangulia mbele ya ndogo. Njia yangu inaacha mpangilio kama ulivyokuwa.

Na ukizipeleka kwenye kivinjari, zipeleke kama maandishi. Namba za kawaida za JavaScript hupoteza usahihi zikishapita 9,007,199,254,740,991, na hapo hutaona ujumbe wowote wa kosa.