Uzoefu wangu: kichupa cha "lishe na tiba ya okidi" (nyota mbili kati ya tano)

Nimekitumia hiki kichupa tangu kabla ya masika mpaka kikaisha, na kingine sinunui. Jina la kampuni nalihifadhi kwa sababu vya namna hii vimejaa sokoni: chupa ya plastiki yenye kinyunyizio, picha ya okidi nyeupe mbele, na nyuma maandishi madogo yanayodai miwani. Aliyeniuzia alisema, "Dada, hii ni dawa ya kila doa, na chakula humo humo." Ahadi hiyo ndiyo ninayoipima hapa.

Okidi zangu ni Phalaenopsis, zile za majani mapana zinazouzwa zikiwa na maua. Ninazilea Dar, kibarazani, kwenye vyungu vyenye makumbi ya nazi na vipande vya mkaa. Maji ninayotumia ni ya mvua, kwa sababu kisima chetu kina chumvi na chumvi hiyo huunguza ncha za mizizi. Hayo makumbi na hayo maji ya mvua yana sehemu yao kwenye kesi hii.

Nianze na madoa. Okidi moja ilitoka doa laini lenye majimaji, rangi ya chai, na duara la njano kulizunguka. Ukimulika tochi ya simu chini ya jani, sehemu ile inapitisha mwanga kama karatasi iliyoloa mafuta. Ukibonyeza kidogo, inatoa maji. Hiyo ni bakteria, na inakwenda mbio: ikiteremka ikafika katikati, pale majani yanapochipulia, mmea umekwenda. Okidi ya pili madoa yake yalikuwa makavu, yamebonyea, meusi meusi, yameanzia upande wa chini wa jani na hayana haraka. Hayo ni ya ukungu. Ya tatu ilikuwa na madoa ya njano yenye wekundu wa zambarau, lakini kwenye majani ya zamani ya chini peke yake, na ncha zimekauka. Huo haukuwa ugonjwa kabisa. Ilikuwa njaa ya potasiamu: mmea ukikosa potasiamu huinyang'anya majani ya zamani ili ulishe machanga. (Kuna doa la nne, jeupe kisha la kahawia kavu, upande ule jua linapopiga. Hilo ni la kuungua tu. Sogeza chungu, doa libaki hapo lilipo.)

Sasa kichupa kinasema: nyunyizia majani kila siku, juu na chini. Kwa okidi ya kwanza maelekezo hayo ni hatari yenyewe, kwa sababu bakteria ile husafiri kwa matone ya maji. Nilifuata lebo, na doa likatoa watoto kwenye jani la jirani. Kilichoiokoa ni wembe uliopitishwa kwenye moto. Nilikata jani sentimita mbili ndani ya sehemu nzima, nikapaka unga wa mdalasini kwenye kidonda (kwenye kidonda tu, maana mdalasini hukausha na mizizi haiutaki), nikatenga chungu, nikaweka feni ndogo na kuacha kabisa kulowesha majani. Baada ya hapo nikapiga dawa ya ukungu yenye shaba, ile ya unga wa bluu ambayo wakulima wa nyanya wanaijua. Shaba inazuia bakteria na ukungu pia, kwa hiyo ilifaa kwa okidi ya pili vilevile. Angalizo: usiipige kwenye maua, na kama una Dendrobium (aina nyingine ya okidi) usizipige kabisa, inaziunguza. Vaa glavu, pigia nje.

Okidi ya tatu nayo ndiyo iliyonifanya niisome lebo vizuri. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu zimo, ila kiduchu. Chuma na zinki zimo. Kalsiamu hakuna. Magnesiamu hakuna. Kwa mtu anayemwagilia maji magumu ya bomba pengo hilo huenda lisionekane, kwa kuwa maji yenyewe huwa na kalsiamu. Maji ya mvua hayana kitu. Na makumbi ya nazi yanazidisha shida: yana potasiamu na sodiamu zake yameshika, na ukiyapa kalsiamu na magnesiamu huziachia hizo na kuzing'ang'ania hizi, mizizi ikabaki inatazama. Kumbuka kalsiamu haihami ndani ya mmea, kwa hiyo upungufu wake unaonekana kwenye jani changa, ncha inageuka nyeusi likiwa bado dogo. Magnesiamu inahama, kwa hiyo yenyewe huanzia majani ya zamani, njano katikati ya mishipa.

Nikaenda duka la pembejeo. "Shikamoo mama, unatafuta mbolea ya nini?" Nikamwambia kalsiamu naitreti. Kijana akaninyanyulia mfuko wa CAN (kalsiamu amonia naitreti). Hizi ni mbili tofauti, angalieni sana: CAN ni ya kukuzia mahindi, naitrojeni yake ni kama asilimia 26 na nusu yake ni ya amonia. Kalsiamu naitreti ina naitrojeni asilimia 15 na nusu, na kalsiamu asilimia 19, nayo huyeyuka yote kwenye maji. Wenye nyanya huitumia tunda lisioze kitako. Mfuko wa kilo moja ulikuwa bei ya chini kuliko kile kichupa.

Ninavyotumia: nusu kijiko cha chai kwenye lita tano za maji ya mvua, wiki moja. Wiki inayofuata, chumvi ya haluli kwa kipimo hicho hicho, kwa ajili ya magnesiamu. Wiki ya tatu, mbolea ya kawaida ya kuyeyusha, 20-20-20 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa), robo ya kipimo cha lebo. Potasiamu inatoka humo. Wiki ya nne maji matupu mengi, yasafishe chumvi iliyobaki. Usichanganye kalsiamu na haluli zikiwa nzito kwenye kopo moja, zitagandana ziwe jasi chini na mmea hautaipata kalsiamu hiyo. Makumbi mapya nayaloweka kwanza kwenye maji ya kalsiamu usiku kucha, nasuuza, ndipo napanda.

Madoa ya zamani hayafutiki, msitegemee hivyo. Pa kuangalia ni jani jipya. La okidi ya tatu limetoka na ncha nzima, na mizizi ina vichwa vya kijani.

Nyota mbili nilizokipa kichupa: moja ni ya kinyunyizio, ambacho ni kizuri kweli na sasa napigia dawa ya shaba. Nyingine ni kwa sababu hakikuua kitu. Anayenunua kalsiamu naitreti huku Pwani aihamishie haraka kwenye kopo la kufunga kwa nguvu. Inafyonza unyevu wa hewa, na mfuko ukiachwa wazi hugeuka uji.