Pikapu za elfu tisini, mfupa wa bure

Gita langu ni la Kichina, gita la umeme umbo la Stratocaster, nililinunua laki mbili na nusu kwa jamaa aliyekuwa anahama Moshi. Shingo imenyooka, mwili hauna ufa. Ugonjwa wake ni kutoka kwenye tyuni. Wimbo wa kwanza tunaimba vizuri, ukifika wa tatu mwalimu wa kwaya ananitupia lile jicho.

Nikaagiza vipuri Dar kwa simu: pikapu tatu (si zile za kubebea mbuzi, hizi ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, zinazonasa mlio wa nyuzi), volyumu tatu na funguo sita za kutyuni. Pikapu peke yake 90,000, jumla 148,000. Mzigo ulifika stendi kesho yake, umefungwa vizuri kabisa. Ila muuzaji alikuwa ameniapia kwamba "vinaingia gita lolote, kaka", na kwa sentensi hiyo nampa nyota mbili kati ya tano.

Funguo zake zinataka tundu la milimita 10, gita langu lina 8 na nusu. Volyumu ni zile kubwa, shingo yake inataka milimita 9.5, wakati plastiki ya usoni mwa gita langu imetobolewa 7. Rula ya mtoto wa shule ingeniokoa, lakini mimi nilipima kwa picha ya kwenye simu.

Nikabeba kila kitu hadi Majengo kwa mzee mmoja fundi redio, anayetengeneza spika na amplifaya za makanisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete mgonjwa."

Hakugusa hata boksi la vipuri. Alikaza uzi wa tatu taratibu, tukasikia *tik*. Akakaza tena, *tik*. "Umesikia? Uzi unanasa hapa, halafu unachomoka wenyewe katikati ya wimbo. Kijana, mtu anaumwa koo wewe umemnunulia viatu."

Alikuwa anaonyesha kile kipande cha plastiki mwishoni mwa shingo, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Wapiga gita tunakiita nati, ingawa hakina bolti. Akanituma nikalete mfupa wa paja la ng'ombe. Mangi wa bucha alinipa bure, akadhani nina mbwa. Nikauchemsha mafuta yakatoka, nikauanika juu ya bati wiki nzima.

Kazi yenyewe ningeiangalia hata kwa kiingilio. Alikata kipande cha milimita 42 kwa msumeno wa chuma, akakisugua kwa msasa huku kibanda kikinuka kama jino linalotobolewa. Mifereji aliichonga kwa sindano za kusafishia pua ya mtungi wa kuchomelea gesi, kila uzi na sindano ya unene wake. Kila baada ya kuchonga kidogo anabana uzi kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya tatu, anachungulia freti ya kwanza: uzi uachane nayo kwa nafasi ya karatasi tu. Mwisho akapaka unga wa penseli kwenye mifereji. Ile *tik* sijaisikia tena.

Matundu ya volyumu aliyapanua kwa tupa ya mviringo, hakutumia drili, plastiki isipasuke. Kuunganisha nyaya kwa kuchoma risasi nilijifanyia mwenyewe nyumbani, nikasahau waya wa athi unaokwenda kwenye bati la springi za daraja, pale nyuzi zinaposhikizwa mwilini. Jumapili gita likaunguruma kama mashine ya kusaga hadi mchungaji akaniashiria nichomoe.

Mzee alinitoza 25,000. Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu "njoo Alhamisi" yake ilichukua Alhamisi tatu, na simu hapokei.

Pikapu? Nikipiga peke yangu chumbani, sauti ni safi zaidi, nyuzi nene hazivumi hovyo. Kwenye spika za kanisa, na ngoma zikilia, hata mimi sitofautishi.

Funguo za zamani zimebaki palepale na zinashika tyuni ibada nzima. Zile mpya ziko kwenye boksi, hazijaguswa. Mwenye gita la matundu ya milimita 10 hapa Moshi namwachia kwa 30,000, ila aje na rula.